Mgeni Aliyengoja Kuulizwa

Mtu mmoja alikuwa na mke mgonjwa nyumbani na watoto watatu mbali naye. Aliitwa Hiribae. Aliishi katika kijiji kidogo cha nchi kame, mahali ambapo mto ulipita zamani, kabla haujazuiwa kule juu na kufanywa bwawa. Sasa ulibaki mchanga, mikoche michache, na mbuzi waliotafuna vijiti. Watoto walikuwa wameyafuata maji. Kila mmoja alipata mji wake kandokando ya bwawa, miji midogo ile ya mabati mapya na vumbi jingi, wakaoa na kuolewa huko, wakatulia. Sisemi walikosea. Maji yakihama, nani atabaki kunywa mchanga?

Mke wa Hiribae walimwita Mama Buya, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Aliugua tumbo kiangazi chote. Daktari wa zahanati alipompima mara ya mwisho, alimwita mume kando akamwambia asimchoshe tena mgonjwa kwa safari za hospitali. Mama Buya hakuambiwa kitu, lakini alijua. Hakuomba dawa, wala nyama, wala shuka jipya. Alisema tu, "Baba Buya, niitie wanangu niwaone." Simu haikushika kijijini, na hata kama ingeshika, Hiribae asingethubutu kulisema neno kama hilo hewani. Akawaomba majirani wamtazame mgonjwa, akavaa shati lake la safari, akashika njia.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya watu wale, maana bila hiyo mtamwona mzee ni mjinga. Kwao mgeni hamwagi habari mlangoni. Anafika, anakaribishwa, mwenyeji anamletea maji katika kata, kisha mwenyeji anaketi chini mbele yake na kuuliza, "Umetuletea neno gani?" Hapo ndipo mgeni hufungua mdomo. Zamani maji yalichotwa mbali. Aliyekupa maji alikuwa amekupa jasho lake, na baada ya jasho mtu huketi, na akiketi husikia. Tena habari ya mauti ilikuwa na mwiko wake: ikisemwa kabla haijaulizwa, huiangukia nyumba iliyoisikia. Hiribae aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba jua litazama jioni. Naye aliwapenda wanawe. Asingeweza kuwatupia mauti mlangoni na kwenda zake.

Alianza kwa Buya, katika mji uitwao Kambini, kwa kuwa ulianza kama kambi ya wajenzi wa bwawa. Buya alikuwa na duka la samaki lenye majokofu makubwa. Alipomwona baba yake alimkumbatia mbele ya wateja, akaita watu waje wamsalimie mzee. Hiribae akaketi, akangoja maji. Buya akacheka kwa furaha, akanyoosha kidole uani. "Bomba lile pale, baba, jitilie upendavyo! Huku shida ya maji tumeisahau." Kisha akamwonyesha majokofu yake moja baada ya jingine, akiyafungua ili mzee ahisi ubaridi usoni. Mzee aliuhisi, akausifu, akangoja. Likaja lori la kupakia samaki, Buya akatoka, na aliporudi alimkuta baba yake amesinzia kwenye kiti. Asubuhi alimfungia samaki wakavu kwenye gazeti na kumpandisha gari la kwenda kwa dada yake. "Msalimie mama," alisema, akagonga bodi ya gari liondoke.

Dada yake, Hajilo, alikuwa ameolewa katika mji wa Ng'ambo, upande wa pili wa maji. Sitaki mtu amseme vibaya mwanamke huyu. Kati ya watoto wale watatu hakuna aliyekuwa na moyo kumzidi. Alimchinjia baba yake kuku, akamfulia shati, akampa kitanda chake mwenyewe akalala sakafuni na watoto. Lakini nyumba ilikuwa na maandalizi ya harusi ya shemeji yake, na Hajilo hakuketi. Kila alipomkaribia baba yake alikuwa na sahani mkononi, na mwenye sahani huiweka akaondoka. Mzee alikaa kwenye mkeka akimfuata kwa macho, kutoka jikoni hadi uani, kutoka uani hadi jikoni. Mara moja akajikaza. Akasema, "Mwanangu, mama yako..." Hajilo akadakia akicheka, "Mama akisikia hukushiba atanigombeza!" Akaenda kuongeza mchuzi. Mzee akala. Wakati wa kuagana Hajilo alisema, "Msalimie mama. Mwambie nitakuja sikukuu." Na alikuwa anamaanisha.

Akabaki Komora, mtoto wa mwisho, aliyekaa pale penyewe kwenye ukuta wa bwawa, katika kimji cha vibanda vya chai na vyumba vya kulala wageni. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu wanaotoka mbali kuja kuliona bwawa. Komora alizijua habari zote za pale: kina cha maji, uzito wa milango, jinsi simiti ilivyomwagwa, miji inayopata umeme kwa sababu yake. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuulizwa na kujibu, na nadhani ndiyo maana hakukumbuka tena kuuliza. Alimpandisha baba yake hadi juu ya ukuta, akaanza kumweleza kama anavyowaeleza wageni wote. Upande mmoja palikuwa na maji mpaka jicho linachoka. Upande wa pili palikuwa na mawe, na katikati ya mawe kijito chembamba, masalio ya mto wao. Hiribae alikitazama kijito kile. Akakifuata kwa mawazo hadi kijijini, hadi mlangoni kwake, hadi kitandani alipolala mkewe. Akalia. Alilia akiwa amesimama, bila sauti, maji yote yale yakiwa nyuma yake.

Komora alimwona, akaguswa sana. Akatoa simu akampiga picha, akawatumia ndugu zake, na chini yake akaandika kwamba mzee amefurahi mpaka machozi. Buya aliiona picha dukani akatabasamu. Hajilo aliionyesha kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele, wakapiga vigelegele. Kisha Komora alimnunulia baba yake kofia yenye picha ya bwawa, akampeleka kituoni. "Msalimie mama," alisema.

Mama Buya alikuwa bado hai. Alikuwa amewaomba majirani wamsogezee kitanda mlangoni ili aione barabara. Alimtazama mumewe akija, kisha akatazama nyuma yake, akatazama kwa muda mrefu. Hiribae alipofika karibu, mkewe alimuuliza, "Wameniulizia?" Naye akajibu, "Wamekusalimu. Wote watatu wamekusalimu." Mama Buya alikuwa mtu wa mto kama yeye, akaelewa. Hakumlaumu. Aliomba tu kitanda kigeuzwe, kwa sababu mwanga wa nje ulimuumiza macho. Hakuimaliza wiki ile.

Naona mnamnung'unikia mzee. Mna haki, hata mimi namnung'unikia. Kwa nini hakupiga kelele pale dukani, mbele ya majokofu na wateja? Kwa nini hakumpokonya binti yake ile sahani akaivunja? Kuna wakati desturi inapaswa kuvunjwa kama mlango wa nyumba inayoungua, na yeye hakuuvunja. Aliogopa kuwaua wanawe kwa neno moja, akamwacha mama yao afe bila kuwaona. Hilo ni lake, na atakwenda nalo kaburini. Lakini msimtwishe yeye peke yake. Nyumba tatu zilimpokea kwa furaha, na katika nyumba zote tatu kila kitu kilitolewa isipokuwa nafasi ya kusema.

Jirani mmoja alitembea hadi barabara kuu, simu iliposhika akawapigia watoto. Walifika siku hiyohiyo. Buya alikuja na lori la maji kwa ajili ya waombolezaji. Hajilo alikuja na sufuria na wanawake wa kupika, akaiacha harusi mikononi mwa watu wengine. Komora alikuja na mahema ya kukodi. Siku ile hakuna aliyekuwa na shughuli. Lori halikusubiri samaki, wageni wa bwawa walijitembeza wenyewe, na shemeji alioa bila Hajilo. Kumbe iliwezekana. Niliposimuliwa jambo hili, hapo ndipo liliponichoma zaidi.

Baada ya maziko watu walitawanyika, wakabaki wao wanne na mchanga uliochimbuliwa. Hajilo hakuweza kuvumilia. Akamgeukia baba yake akiwa amesimama, uso umevimba kwa kulia. "Baba, ulikuja kwangu. Ukala, ukalala, ukaniaga. Mbona hukusema?"

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. "Nilikuwa nangoja ukae, mwanangu," alisema.

Hajilo akaketi mchangani na gauni lake jema, karibu na miguu ya baba yake. Buya akaketi. Komora naye akaketi. Na Hajilo, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mtoto wa nyumba ile, aliuliza, "Baba, umetuletea neno gani?"

Hiribae akashusha pumzi. Alikuwa ameubeba ujumbe ule kutoka mji hadi mji, akarudi nao kama ulivyo, na mpaka dakika ile alikuwa hajautua. Akautoa jinsi alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. "Mama yenu anaumwa," alisema. "Anaomba mje, awaone."

Nanyi mnaonisikiliza: yule aliyelala kwenu juzi, mkamlisha vizuri, mkamsindikiza hadi kituoni, alikuwa amekuja kusema nini?