Walinzi wa Mtaro wa Kizindo

Hapo zamani, katika mji wa Kizindo, alitawala Sultani Mwinyikai, mpenda usafi kupita kiasi. Mtaro uliotoa maji ya mvua kasrini hadi bondeni aliutaka ukatwe wima kama ukuta, na kila mwaka kabla ya masika raia wote walishika majembe wakaukwangua usibaki na jani hata moja. Aliyeacha jani alichapwa. Basi ikawa mvua ikinyesha, maji yanateremka kwa kasi na kuuzoa udongo ule mtupu, kingo zinaporomoka, mtaro unapanuka, na Sultani anaamuru ukwanguliwe zaidi. Mawaziri wakamsifu, kwani wao walikaa mbali na mtaro.

Mbaruku, fukara asiye na mbele wala nyuma, alikaa kando ya mtaro huo. Jiko lake lilikwisha kwenda na maji, na nyumba ilibakiza hatua mbili tu kufika ukingoni. Siku moja akasema barazani kuwa Sultani anaunyoa mtaro hadi nyama, kisha anashangaa ukitoka damu. Maneno yakafika kasrini, akaitwa.

Sultani akamwambia, "Kwa kuwa wajua kunizidi, nakukabidhi mtaro. Uwekee walinzi, udongo wangu usitoke. Ila walinzi hao wasile chakula changu, wala wasilale usiku na mchana. Udongo ukipungua hata pakacha moja, utazikwa humo humo."

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Mbaruku, akaenda zake, nao mawaziri wanacheka.

Akazilaza kingo zikawa mteremko ambao hata mbuzi angeshuka bila taabu. Akapanga mawe chini, safu hapa na safu pale, ili maji yapunguze mbio. Mvua za vuli zilipoanza akapanda ukoka kila mahali, ukatambaa ukashika.

Masika yakaja, yakapiga hasa, yakaisha. Sultani akaenda na askari wake kutazama, akakuta kingo hazijaporomoka, ila ni kijani kitupu. Akaghadhibika. "Nilikuagiza walinzi, nawe umeniletea majani?"

"Ndio hao, bwana. Hawali chakula chako wala hawalali. Tafadhali mwamuru askari wako mmoja amng'oe mlinzi wangu mmoja."

Askari akaushika ukoka kwa mikono miwili, akavuta, akavuta tena, majani yakakatika, akaanguka chali. Mizizi ikabaki imeukumbatia udongo wake.

"Wako amelala, bwana wangu," akasema Mbaruku. "Wangu yuko kazini."

Watu wakacheka. Sultani akaona haya, akauliza kwa sauti ndogo mtaro wa namna hii utasafishwaje. Mbaruku akamweleza kuwa mtu atashuka kwa miguu yake, afyeke juu kwa panga, azoe matope yaliyojikusanya nyuma ya mawe, na mizizi asiiguse.

Basi tangu siku hiyo aliyekwangua mtaro ndiye aliyechapwa. Na kila wageni walipokuja Kizindo, Sultani aliwaonyesha ukoka ule akawaambia ni shauri alilolibuni mwenyewe, na mawaziri wakaitikia kwamba ndivyo. Mbaruku aliyasikia yote hayo akiwa mlangoni pake, akaendelea kukandika jiko lake jipya.