Chemchemi Iliyogeuzwa Ngoma

Hii imenifikia nikiwa nimechoshwa na vikao. Isome, kisha mpe mwingine aliyechoka kama mimi.

Kijiji kimoja cha milimani kilitegemea chemchemi moja tu. Mtaalamu wa maji, Bi. Zulfa, aliipima kila mwaka, na kila mwaka maji yalipungua. Sababu ilijulikana. Mwenyekiti Shemboza alikuwa amepanda mikaratusi pale juu ya chemchemi, na miti ile hunywa maji bila huruma.

Kila kikao Bi. Zulfa alitundika mchoro wa vipimo vyake ukutani, na watu wakapiga miayo. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Hawa waliambiwa mpaka koo likamkauka mama wa watu. Alichoka jamani, alichoka kabisa.

Kikao cha mwisho hakuleta mchoro. Alimleta Mbaruku, mpiga ngoma.

"Nitataja mwaka, halafu nitampa ishara," alisema. "Maji yakiwa mengi, mapigo yatakwenda mbio. Maji yakipungua, mapigo yataachana. Sikilizeni tu."

Miaka ya mwanzo ngoma ilichangamka, kina mama wakainuka kucheza. Kisha ikaanza kupoa. Desturi ya pale, mpigaji akilegea hupokewa. Shemboza, ambaye ujanani hakuwa na mpinzani kwa ngoma, akaruka.

"Lete hapa! Mbaruku amechoka. Mimi sichoki."

"Karibu, mwenyekiti," alisema Bi. Zulfa. "Ila fuata mkono wangu."

Akataja mwaka ambao mikaratusi ilianza kurefuka. Pigo, kimya, pigo. Mwaka uliofuata kimya kikawa kirefu zaidi. Walipofika mwaka huu, mikono ya mzee ilibaki hewani.

"Nipige?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mwenyekiti."

Kina mama wakaacha kucheza. Mmoja akamtania, "Baba, kumbe nawe unachoka?"

Shemboza aliishusha ngoma taratibu. Aibu ilimshika, na uchungu pia.

"Mimi sijachoka, binti yangu. Chemchemi ndiyo iliyochoka." Akakunja mikono ya shati. "Nileteeni shoka. Miti ni yangu, nitaanza mwenyewe."

Bi. Zulfa hakushangilia. Aliomba kiti, akakaa.

Funzo: Ukweli ukifungiwa mlango wa macho, usirudi nao nyumbani, bisha hodi masikioni.