Siku Bi Kanga Alipomnyima Jirani Moto

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, mbona mnaitikia kama mmelala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa. Sogeeni motoni. Mikono isikae bure, pukuchueni maharage huku mnasikiliza. Na wewe baba mtu mzima, usijifanye unasinzia. Hii inakuhusu na wewe.

Hapo zamani za kale, huko milimani kwenye ukungu, alikuwepo Bi Kanga. Kanga ndege, yule wa madoadoa, si kanga ya kujifunga. Alikuwa na mume, alikuwa na vifaranga, alikuwa na bustani nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya ua aliishi jirani yake, Bi Fuko, yule mnyama mchimba ardhi, yeye na watoto wake. Nyumba nyingine zilikuwa mbali, kaa la moto lingezimika njiani.

Kipupwe kilikuwa kinaelekea mwisho, lakini baridi bado ipo. Baridi kweli! Vifaranga wakiamka wanatetemeka, du-du-du-du. Kazi za siku hizo ni kusuka, kutifua bustani, na kutunza mbegu mpaka mvua ije.

Mbegu zilitunzwaje? Kila nyumba ilikuwa na kibuyu. Kibuyu kinajazwa maharage ya mbegu, kinatundikwa darini juu ya mafiga, moshi unakipiga kutwa. Fukusi, wale wadudu weusi wanaotoboa nafaka, hawaupendi moshi hata kidogo. Na mbegu hazipikwi. Watoto walie, wagaregare, hazipikwi. Mkizila, mwaka unaokuja mtapanda nini?

Kibiriti hakikuwepo siku zile. Moto wako ukizimika, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa la moto. Moto haunyimwi. Ndivyo walivyoishi.

Bi Fuko kuni zake zilikuwa mbichi, basi moto wake ulizimika mara kwa mara. Asubuhi utamsikia.

"Hodi, jirani!"

"Karibu, jirani."

"Umeamkaje? Naomba kaa la moto."

Anapewa. Anaondoka na kigae chake, fuu, fuu, anapuliza njiani. Baadaye anarudi kimya kimya, anamtifulia Bi Kanga kipande cha bustani, tifu, tifu, tifu. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule maharage yalivunwa mvua ikinyesha. Yalitundikwa yakiwa na maji, yamevimba, yamejaa mpaka shingoni mwa kibuyu. Siku moja Bi Kanga akapanda darini. Akakinyanyua kibuyu. Heh! Mbona chepesi? Akachungulia. Mbegu hazipo shingoni. Zimeshuka!

Mwizi! Akakaa pale pale darini, akaimba kidogo kidogo:

*Nani, nani kaingia?*
*Nani, nani kachukua?*
*Mimi sisemi, naangalia.*

Akashuka. Akawapanga vifaranga mstari mmoja.

"Fungueni midomo!"

Wakafungua, aaa. Akachungulia mmoja mmoja, mpaka kooni. Hakuna kitu.

Akamwendea mumewe, aliyekuwa anasuka mkeka mlangoni.

"Baba watoto, mbegu zinapungua."

"Zinakauka, mama watoto. Tuliziweka na maji."

"Zinakauka! Wewe umejuaje? Umezitazama lini?"

"Sijazitazama. Najua tu kwamba maharage yakikauka yanasinyaa."

"Ahaa," akasema Bi Kanga. Akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Tangu hapo mume akiinuka kwenda kunywa maji, mke anainuka naye.

Kesho yake, kibuyu chepesi tena. Na nani yupo mlangoni?

"Hodi, jirani! Naomba kaa la moto."

Bi Kanga akamtazama. Kila asubuhi anaingia jikoni. Kila asubuhi anasimama chini ya kibuyu. Na mikono yake ile mipana, ya kuchotea!

"Karibu," akasema. Lakini hiyo karibu ilikuwa na baridi kuliko ile ya nje. Bi Fuko alipoinama kuchukua kaa, Bi Kanga aliitazama mikono yake. Alipotoka, akamtazama mgongo. Alipotifua bustani, tifu, tifu, Bi Kanga akajificha nyuma ya mgomba, akaimba:

*Nani, nani kaingia?*
*Nani, nani kachukua?*
*Mimi sisemi, naangalia.*

Alimuuliza? Nyie watoto, alimuuliza?

Hakumuuliza!

Hakumuuliza. Badala yake akachukua ukindu akaanza kusuka. Alisuka kapu ambalo hamjapata kuliona. Alibana kila uzi, akabana tena, mpaka hata sindano haipiti. Akaishusha mbegu yote kutoka darini, akaimimina ndani, karara! Akaweka kifuniko, akakishona pande zote. Akalisukuma kapu chumbani, chini ya kitanda, mbali na jiko.

"Mama watoto," mume akasema, "huko hakuna moshi."

"Huko hakuna mwizi."

Asubuhi, hodi ikapigwa.

"Jirani, naomba kaa la moto. Watoto wangu wameganda."

"Moto wangu umezimika," akasema Bi Kanga. Mlango hakuufungua wote.

Bi Fuko akanyanyua uso. Moshi ulikuwa unapanda juu ya paa la Bi Kanga, mweupe, mnene, na harufu ya uji ndani yake. Akautazama. Akatazama kigae chake.

"Haya, jirani," akasema. Akaenda zake, na hakurudi tena.

Bi Kanga akafurahi. Nimempata! Asingekuwa mwizi angekuja tena, si ndiyo? Akakaa juu ya kapu lake. Bustani haikutifuliwa, hakutoka. Mkeka ukaisha, hakuutazama. Uji ulipikwa na mume, ukaungua.

Siku moja akasikia sauti. Kru, kru, kru. Akasimamisha shingo. Kru, kru, kru.

"Unasikia?" akamwambia mumewe. "Bi Fuko anachimba chini ya ukuta!"

Akatoka mbio, ke-ke-ke-ke! Akazunguka nyumba. Hakuna shimo. Akarudi, akakaa juu ya kapu kwa nguvu zaidi. Kru, kru, kru. Akalikumbatia. Maskini, alikuwa anamkumbatia mwizi mwenyewe!

Basi mvua ikanukia. Watu wote wakatoa vibuyu vyao. Bi Kanga akalivuta kapu, akakata uzi, akainua kifuniko.

Unga. Unga mweusi, na maganda, na fukusi wanakimbia huku na huku. Hata mbegu moja nzima haikuwemo.

Bi Kanga hakulia palepale. Alichukua kapu tupu, akavuka ua. Kwa Bi Fuko huenda zipo. Ataomba. Aibu itamuua, lakini ataomba, watoto ni watoto.

"Hodi, jirani."

"Karibu."

Ndani kulikuwa na baridi ya kaburi. Majivu kwenye mafiga yalikuwa ya zamani. Watoto wa Bi Fuko walikuwa wamejikunyata kwenye shimo walilochimba sakafuni.

"Jirani, naomba mbegu kidogo."

Bi Fuko akashusha kibuyu chake, akakiinamisha. Ukatoka unga mweusi.

"Moto ulipokufa, moshi ukaisha," akasema. "Moshi ulipoisha, fukusi wakaingia."

Bi Kanga akauliza, "Na kabla ya hapo, zako hazikupungua?"

"Zilipungua. Si zilikuwa zinakauka? Kwani zako hazikupungua?"

Bi Kanga akalitupa kapu chini. Akaanguka kwenye majivu yale ya baridi akalia. Alimlilia jirani, alililia mbegu, alililia yote.

"Nisamehe, jirani."

"Nimekusamehe," akasema Bi Fuko. "Lakini hodi yangu hutaisikia tena."

Mvua ikaja, puuu! Watu wakapanda, nyumba mbili hazikupanda. Bi Fuko akachimba, akachimba, akahamia chini ya ardhi na watoto wake, kwenye joto lisiloombwa kwa mtu. Huko wanakula mizizi mpaka leo. Na Bi Kanga? Mtamuona kwenye mashamba ya watu, yeye na mume na vifaranga, wanaparua, paru, paru, wanatafuta mbegu moja moja. Anadonoa, anageuka kutazama nyuma. Anadonoa, anageuka. Bado anamtafuta mwizi.

Funzo lake nalisema wazi, msije mkasema sikusema. Ukimshuku mtu, muulize. Usimhukumu kimoyomoyo, na usimnyime kilicho haki ya kila mtu, maana madhara utakayomfanyia yatakurudia mlangoni na kuwakuta watoto wako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Wewe uliyekaa karibu na mlango, chukua kaa hili, mpelekee mama wa nyumba ya pili. Tangu jana sijaona moshi kwake.