Kwa Nini Mti wa Jua Huvaa Kanga

Hapo kale mti wa jua ulisimama uchi katikati ya soko, na hakuna aliyeona haya. Nyinyi mliozaliwa mkazikuta kanga zimetandazwa chini ya majani yake mnadhani fundi aliuleta hivyo kutoka kiwandani. Hakuuleta hivyo. Kaeni, basi, mwambiwe.

Kabla ya mti huu wa chuma palikuwa na mkuyu. Soko la Igombelo ndilo lililoufuata mkuyu, si mkuyu uliolifuata soko. Kivuli chake kilikuwa kizito, cha baridi, tena kilikuwa na wenyewe. Asubuhi, kilipolalia upande wa machweo, kilikuwa cha wasusi. Alasiri kilipogeuka, wanaume walikichukua kwa bao na kahawa. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo wala aliyeivunja. Makuyu yaliyoiva yalidondokea vichwa vilivyokwisha kugawanywa njia, na wanawake wakapiga yowe, wakacheka. Siku hizo mtu hakusukwa mbiombio. Habari za mji mzima zilipita kwa wasusi kabla hazijamfikia mwenyekiti wa soko, na ukweli usemwe, zilimfikia zikiwa zimenona.

Kalunde alirithi nafasi yake pale kwa mama yake. Alisuka kila kichwa kilichokaa mbele yake, lakini kazi aliyoipenda ni mabibi harusi. Binti wa Igombelo hakusukwa chumbani. Alikalishwa chini ya mkuyu, mbele ya watu, na kila mwanamke aliyewahi kumbeba, kumlisha au kumchapa alipita, akamwekea mkono kichwani, akamwombea. Kalunde mwenyewe alisukwa pale siku ya ndoa yake. Mpaka uzeeni aliweza kukuonyesha mzizi alioukalia.

Kisha mchwa wakaula mkuyu kwa ndani. Halmashauri ikaona utaangukia watu, ikaleta misumeno. Siku ulipolazwa chini soko lilifungwa kama kuna msiba, na Kalunde alilia bila kujificha.

Aliposikia kwamba utaletwa mti mwingine pale pale, alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya sikukuu. Mti ukaja juu ya lori. Shina lilikuwa la chuma, matawi ya chuma, na majani yalikuwa vioo vyeusi vilivyokula jua mchana kutwa, jioni vikawasha taa. Watu walichaji simu zao, wauza samaki wakafanya biashara hata baada ya magharibi, na kila mtu akausifu. Kalunde naye aliusifu. Akaja na kigoda chake, akaketi palipokuwa na mzizi wake, akangoja kivuli.

Kivuli hakikuja. Majani yale yalikuwa juu mno na yameachana, ili upepo usiyang'oe, na jua lilipita katikati yake likawapiga walioketi. Wahenga walisema kivuli cha mti wa mvumo hufunika walio mbali. Huu haukumfunika wa mbali wala wa karibu. Wateja walivumilia siku mbili tatu, wakaanza kunung'unika kwamba shingo zinaungua, kisha mmoja mmoja wakahamia saluni zenye feni na milango ya vioo.

Ilimuuma Kalunde. Hakuhofia njaa, maana shamba alikuwa nalo. Alihofia kwamba wanawake wa Igombelo wakishatawanyika kila mtu na mlango wake, hawatakutana tena ila misibani.

Ndipo Shija, rafiki yake wa tangu utotoni, alipomwoza binti yake. Shija alikuja akitazama chini.

"Shoga yangu, usinifikirie vibaya," alisema. "Mwanangu nitampeleka saluni. Hapa jua litamuua."

"Nipe asubuhi hiyo moja," Kalunde akamjibu. "Ukija usipokuta kivuli, mchukue, nami kigoda changu nitakirudisha nyumbani."

Asubuhi ya harusi aliazima ngazi ya mpaka rangi na kukusanya kanga za wanawake wote wa soko. Akaupanda mti, umri ule, akauvisha. Aliuvisha kama wanavyovishwa mabibi harusi wetu, kuanzia kichwani: kanga juu ya kila jani, pindo kwa pindo, mpaka hakikuonekana kioo hata kimoja. Kivuli kikashuka. Kilikuwa kizito kama cha zamani, na waliokumbuka waliketi, wakaanza kuimba. Binti wa Shija alisukwa hadi adhuhuri. Mikono ilipita kichwani mwake, na Kalunde alijiona amepewa mama yake tena kwa siku moja.

Jioni ngoma ikaja sokoni kucheza chini ya taa, na taa hazikuwaka. Kwa siku kadhaa nyuma mbingu ilikuwa na mawingu. Mti ulikuwa na njaa, na siku jua lilipotoka ukafunikwa. Bibi harusi alitolewa kwa tochi. Wauza samaki walifunga biashara wakilaani. Lugendo, mwenyekiti wa soko, alisimama akafoka.

"Mti wa halmashauri unafunikwa kanga kama mwali? Kesho nazungusha seng'enge hapa, na vigoda vyote nje!"

Kalunde aliketi kigodani. Alikuwa amewatia watu gizani, tena siku ya furaha, na alijua.

Asubuhi fundi aliyeusimika mti, kijana aitwaye Shukrani, akaitwa kuutazama. Alipoziona kanga alijikaza asicheke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuua?"

"Hujauua. Umeuziba mdomo tu. Huu hula jua kwa majani yake."

Kalunde akawaza. "Hata ule wa zamani ulikula jua kwa majani. Ulikula, na sisi tukapata kivuli. Huu mmeufundisha kula peke yake?"

Shukrani alitazama juu, akatazama kigoda. Kalunde akauliza tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Na chini ya jani? Huko nako hula?"

"Huko hauli kitu, mama."

"Basi nilikosea mavazi. Ya kujitanda nimeiweka, ya kiunoni nimeisahau."

Fundi akacheka sasa, akapanda na vifaa vyake, akaunga kulabu chini ya kila tawi. Wanawake wakafunga kanga zao humo, chini ya majani, zikajaza mianya yote, na vioo vikabaki wazi juu. Lugendo alikaa na seng'enge yake mapajani akingoja jioni impe ushindi. Jioni taa zikawaka zote. Akainuka, akaenda kuzungushia seng'enge hiyo banda lake la kuku.

Na tangu siku hiyo mti wa jua huvaa kanga, hapa kwetu na kila mji ulioiga kwetu. Upepo mkali ukivuma huvuliwa, ukitulia huvishwa. Bibi harusi akishasukwa huacha kanga yake moja, nazo zilizopauka hushushwa kuzipisha mpya.

Ipo moja tu isiyoshushwa, ya Kalunde, aliyoiacha kwenye kulabu upande wa machweo alipotutoka. Jua limeila hata maandishi yake hayasomeki, na imebaki matundu matupu. Chini yake hakuna kivuli tena. Lakini kila bibi harusi wa Igombelo huketishwa hapo kwanza, kabla ya kusogezwa penye kivuli, na jua humpiga, na hajatokea hata mmoja aliyeomba kuharakishwa.