Mishono ya Bawa la Kushoto

Chozi la mtoto hukauka upesi. La mzazi hukawia. Fundi mkuu wa karakana ya makumbusho alilijua hilo, ila alilijua kichwani tu, moyo haukulisikia.

Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, mboni ya jicho lake, aliyeachiwa na marehemu mkewe. Wawili hao walikuwa wakiifufua ndege kuukuu iliyokaa sakafuni miaka sitini ikitazamwa na watoto wa shule. Mabawa yake yalikuwa mbavu za mbao zilizovikwa kitambaa, nacho hushonwa kwa mkono, kwa uzi wa nta, fundo kila baada ya vidole viwili.

Bawa la kulia binti alilikosea. Baba akamwamuru afumue lote, ashone upya. Alifumua kwa kwikwi, vidole vikivuja damu, na siku ile chakula hakikumpita mzee kooni.

Bawa la kushoto binti alilishona peke yake miezi miwili. Kabla ya kupaka rangi, mzee alilipapasa. Kuelekea nchani, mafundo yalikuwa yameachana vidole vinne vinne.

"Vipi, Baba?" binti aliuliza, uso umechanua kama ua. "Safari hii sifumui hata mbingu zishuke!"

Mzee akaondoa mkono bawani. "Limekaa vizuri, mwanangu. Paka rangi."

Siku ya kuruka, rubani alitania, "Fundi, binti yako kashona sawasawa? Isije ikanivulia nguo mbele za watu!"

Watu wakaangua kicheko. Binti akapanda kiti cha nyuma, akampungia baba mkono. Mzee akafungua kinywa aseme, "Shukeni!" Injini ikanguruma, neno likamfia ulimini.

Ndege ilipaa kama mwewe. Ilipokata kona ya pili, kitambaa cha bawa la kushoto kilifumuka, kikapepea kama shuka kambani. Ikaanguka shambani.

Rubani alivunjika mkono. Binti alivunjika mgongo; daktari akasema miguu yake haitambeba tena.

Wiki ya tatu kitandani, binti aliuliza, "Baba, siku ile ulipolipapasa bawa, uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia nifumue?"

"Nilihofu utalia, mama."

Binti alimtazama sana. Hakulia. Alinyoosha mkono, akayafuta machozi ya baba yake kwa vidole vilevile vyenye makovu ya sindano.

Kweli, mchelea mwana kulia, hulia yeye.