Mbega Mwenye Mtoto Mweupe

Wapendwa, leo naomba niwapeleke msituni kidogo. Msiogope, mtarudi kabla ya sadaka.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja wa harusi na kipaimara. Kazi yake ilikuwa inakufa, maana siku hizi kila shangazi ana simu yake. Akasikia kijiji jirani kinatafuta picha ya mbega mwenye mtoto mchanga, waiweke kwenye bango la kuwaita watalii msituni kwao. Atakayeileta atapewa kazi ya kudumu. Sasa, mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, na baada ya wiki chache anageuka rangi. Bwana yule akawa anashindana na siku, na nyumbani mke na watoto wanamtegemea yeye.

Akaenda mjini kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya kamera vilivyotumika. Akaiona lenzi ya kuvuta mbali, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Bei yake, jamani!

"Mama, nikikuachia kamera yangu pamoja na hela hii, utanipa hiyo?"

"Ukishaniachia kamera, baba, lenzi utaifunga wapi? Puani?"

Mnacheka! Wangapi hapa tumewahi kutaka kufanya biashara ya namna hiyo?

Mama akamuuzia lenzi fupi, imechubuka kwa nje lakini kioo chake kizima. Akamwambia, "Hii haivuti mbali sana. Itabidi wewe na unayempiga picha muwe karibu."

Asubuhi bwana akaingia msituni na shati lake la njano la kazini. Alipowaona mbega juu ya mti, mazoea yakamshinda. Akapiga makofi: "Haya, mama mzazi! Macho huku! Tabasamu!" Mbega wakatimka, akabaki anapiga picha ya majani. Kesho yake hakupiga makofi, ila akawakimbiza chini ya miti. Wakaenda mbali zaidi. Akarudi dukani amefura.

"Mama, umeniuzia lenzi fupi! Wanyama wako mbali!"

Mama akamtazama. "Baba, wameikimbia lenzi, au wamekukimbia wewe?"

Bwana akarudi msituni na koti kuukuu la kijivu, akakaa juu ya gogo. Hasemi, hamfuati yeyote. Siku ya kwanza hawakuonekana. Siku ya pili akasikia matawi yakitikisika kwa mbali. Siku ya tano mama mbega akashuka mpaka tawi la chini, anatafuna majani, mtoto mweupe kamng'ang'ania kifuani. Bwana yule alipiga picha huku machozi yanamtoka. Na kazi akaipata.

Ndugu zangu, nilipoitafakari habari hii niliona aibu, tena mimi mchungaji. Sisi lenzi ndefu tunazo! Tukiwa hapa hapa kwenye benchi la mbele tunamwona kijana wa watu kule kilabuni, mpaka chupa tunamhesabia. Binti aliyepata mimba nyumbani, tunajua na mwezi wake. Lakini ni nani kati yao amewahi kukaa karibu nasi? Na siku mmoja akijikaza akaja ibadani, tunafanyaje? Tunamsimamisha mbele za watu aeleze alikuwa wapi! Jumapili inayofuata humwoni, nasi tunasema ana moyo mgumu. Tumejiuliza kama amemkimbia Mungu, au ametukimbia sisi?

Watoza ushuru na wenye dhambi walimkaribia Bwana Yesu wenyewe, kwa miguu yao. Kwetu pia watakuja, nawaambieni, tukitulia kama bwana yule juu ya gogo, wala haitachukua miaka. Huenda mmoja ameingia leo tulipokuwa tunaimba. Msigeuke! Nimesema msigeuke. Aliye naye benchi moja asogee kidogo, ampe nafasi na kitabu cha nyimbo.