Mama Ngiri na Uyoga Mweupe

Paukwa!
Pakawa!
Na ninyi wa nyuma, mbona kimya? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika kama sisi, njaa iliingia porini. Mama Ngiri alikuwa na watoto watatu, mbavu zao unazihesabu toka mbali. Kisha mvua ikanyesha, chwaa! chwaa! siku tatu. Siku ya nne uyoga ukachipua chini ya miti, mweupe pepepe.

Mama Ngiri akaja mbio. Akataka kuukata juu juu. Akakumbuka alivyofunzwa na mama yake: uyoga usiouchimbua huujui. Akachimbua, chaku! chaku! Chini ya shina akakuta kifuko, kama ganda la yai lililopasuka. Juu kwenye shina, ngozi laini imelizunguka kama pete.

"Huu siujui," akasema. Akauacha.

Kima akashuka mtini, pu!

"Dada Ngiri, unaacha chakula? Tazama, konokono wameutafuna, na wako wazima! Tena ukiuchemsha na chumvi, sumu yote inatoka."

"Tumbo la konokono si tumbo langu, jirani. Na kuna sumu isiyosikia moto. Uache, nakusihi."

"Woga wako tu!"

Kima akajaza kikapu, akaenda zake.

Jioni harufu ikatambaa, ikatambaa, ikafika kwa Mama Ngiri. Watoto wakalia. "Mama, Kima anakula!" Akawapa mizizi michungu, wakalala wakilia.

Asubuhi, Kima huyo juu ya tawi, anaimba:

"Nimekula nimeshiba,
mwoga kalala na njaa!"

Watoto wakamtazama mama yao. Mama Ngiri akaona haya. Akachukua kikapu, akarudi kwenye uyoga ule. Akanyoosha mkono. Akaurudisha. Akaunyoosha tena. Akaurudisha.

"Sijui ni sijui," akasema. Akapita.

Akaenda, akaenda, hata akafika kwenye kichuguu. Hapo palikuwa na uyoga alioula tangu utoto wake. Hata hivyo akachimbua, chaku! chaku! Shina likazama refu kama mzizi, likaingia ndani ya kichuguu. Kifuko hakuna. Akauchukua. Haukujaza hata nusu kikapu.

Akiwa njiani akasikia, "Uwii! Tumbo langu!" Kima alikuwa chini, anatapika, anahara. Mama Ngiri akampa maji, akakimbia kuwapikia watoto uyoga wa kichuguu, akarudi kukesha naye.

Kesho yake Kima akaketi. "Umeona, dada? Yamepita."

Hayakupita. Siku ya tatu macho yakawa manjano. Siku ya nne akamshika Mama Ngiri mkono.

"Dada, uyoga ule ulikuwa mtamu," akasema. "Haukuwa na uchungu hata kidogo."

Akafa.

Mama Ngiri akamzika. Kisha akawaita watoto wake watatu, akawapeleka chini ya miti, akachimbua uyoga mweupe mbele yao. "Tazameni chini," akasema. "Tazameni vizuri." Wakatazama, hakuna aliyecheka. Wakanawa mikono, wakarudi nyumbani.

Basi, wasikilizaji wangu, uyoga usioujua usiule. Utamu si ushahidi, konokono si shahidi, na sufuria haiondoi kila sumu. Na usipoujua hata ukiuchimbua, muulize anayeujua, asipokuwepo, uache.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo, na asiyeisikia asimuliwe.